Shahidi wa Prairie City

Juma lililopita mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili aliniletea zoezi la tafsiri. Alikuwa ameandika kwa Kiswahili manukuu ya filamu moja ya kauboi ya zamani, yaani yale maandishi yanayopita chini ya picha. Kazi yenyewe haikuwa mbaya. Lakini kila silaha ya shujaa ilipotajwa, kijana aliandika 'mkuki'. Nikamwambia kwamba mkuki ni wa nchi kavu. Kile anachokibeba yule baharia katika filamu, ambacho ncha yake ina miiba inayorudi nyuma ili kikishazama mwilini mwa samaki kisichomoke, watu wa Pwani hukiita chusa. Akalifuta neno, akaandika 'chusa', kisha akacheka.

"Lakini Prof, filamu hii si ni kichekesho tu? Nani huenda kupigana na mtu wa bastola akiwa na chusa?"

Sikumjibu papo hapo kwa sababu nilikuwa sijaitazama kwa miaka mingi, na sisi walimu tuna tabia mbaya ya kutetea vitu tuvikumbukavyo nusunusu. Nikaenda nyumbani nikaitazama tena, mara mbili. Makala ya leo ndiyo jibu langu kwake, na kwa yeyote aliyewahi kuidharau kazi ya sanaa kwa kuwa ilitengenezwa kwa pesa kidogo.

Filamu yenyewe inaitwa Terror in a Texas Town. Ilitoka mwaka wa 1958, ikiwa ya rangi nyeusi na nyeupe, na urefu wake ni kama dakika 80 hivi. Mwelekezi ni Joseph H. Lewis. Inasemekana aliipiga kwa siku 10 kwa dola 80,000 hivi, kiasi ambacho hata enzi hizo hakikuwa kitu huko Hollywood. Umaskini huo hauna siri. Mji wa Prairie City una barabara moja, hoteli moja na watu wachache kiasi kwamba unajiuliza ni nani hasa hulala katika hoteli hiyo. Lewis alikuwa ameuzoea umaskini huu. Ujanani mwake, alipokuwa akitengeneza filamu za kauboi za bei rahisi, alikuwa na mazoea ya kuweka gurudumu la mkokoteni mbele ya kamera na kupiga picha kupitia katikati ya matindi yake ili kuficha mandhari duni. Wenzake wakampa jina la utani, Joe wa Magurudumu. Msanii asiye na kitu hujifunza kuelekeza jicho la mtazamaji.

Kisa ni chepesi kusimulia. McNeil, mwenye hoteli, mnene na mlaji, anataka mashamba ya wakulima wadogo wanaouzunguka mji. Anadai kuwa ardhi ni yake kisheria. Asichowaambia ni kwamba chini ya mashamba hayo kuna mafuta. Sherifu yuko mfukoni mwake. Wanaokataa kuondoka huchomewa ghala, na wakizidi kukataa huletewa Johnny Crale, muuaji wa kukodiwa aliyevaa nguo nyeusi, ambaye mkono wake wa kulia ni wa chuma ndani ya glavu. Crale anamuua mzee mmoja Mswidi, Sven Hansen, mbele ya nyumba yake. Baada ya mauaji anashuka kwenye treni mwanawe George, baharia wa meli za kuvulia nyangumi, aliyekuja kumwona baba baada ya miaka mingi ya kutengana. Anakuta kaburi. Anapouliza nani alimuua babake, mji mzima haujui.

Hapa ndipo penye filamu. Kila anayeizungumzia hukimbilia yale makabiliano ya mwisho, na Lewis mwenyewe ana lawama kwa sababu alianza nayo: kabla hata ya majina ya waigizaji tunamwona mtu mrefu akitembea katikati ya barabara na chusa begani, akimwendea mtu ambaye uso wake hatuuoni. Ni picha ya ajabu, haisahauliki. Lakini imewapumbaza wengi. Wanangoja chusa dakika 80 na kuipita nyumba ya José Mirada kana kwamba ni kituo cha basi.

Mirada ni Mmeksiko, jirani na rafiki ya mzee Hansen. Ana mke mjamzito anayekaribia kujifungua, Rosa, na kijana mdogo, Pepe. Siku ya mauaji Mirada na mwanawe walikuwapo, wamejificha. Waliona kila kitu. George anapofika, Mirada anampokea kwa heshima zote anazostahili mtoto wa rafiki aliyekufa, anamlisha, anamsikitikia, lakini lile jambo moja ambalo mgeni amelijia, halisemi. Rosa ndiye anayemshika mdomo. Hoja yake haina unafiki wowote: mzee Hansen amekwisha kufa, ukweli hautamfufua, ila ukweli huohuo unaweza kuwafanya watoto wake yeye kuwa mayatima. Usimfanye Rosa kuwa mwoga, msomaji wangu. Katika mji ambao sherifu ni wa McNeil, hesabu yake ni sahihi. Na filamu inaionyesha kuwa sahihi, kwa maana yale aliyoyaogopa ndiyo yanayotokea.

Filamu za kauboi zilizokuwa na pesa ziliupenda mgogoro wa kifamilia wa aina nyingine: baba mwenye ng'ombe elfu kumi na wana wawili wanaogombea ranchi, ndugu kumwinukia ndugu, kila mmoja na bastola yake. Mgogoro wa nyumbani kwa Mirada hauna kelele. Hakuna anayetaka kumshinda mwenzake. Mume anataka aweze kumtazama mgeni machoni. Mke anataka mume awe hai asubuhi. Wote wawili wanazungumza kwa jina la watoto walewale. Katikati yao amesimama Pepe, aliyeona kifo na sasa anaona jinsi watu wazima wanavyokiweka kifo hicho chini ya zulia. Lewis hamuelezi mtoto huyu kwa maneno. Anamwacha awepo tu. Kwangu mimi, macho ya mtoto yule yana uzito kuliko chusa.

Mwanafunzi wangu alilitafsiri neno la Kiingereza la mtu kama Mirada kuwa 'shahidi', na ni sawa. Yamkini hakujua ametia chumvi mahali pake hasa. Neno hili tulilitoa kwenye Kiarabu, na tulipolichukua tulibeba maana zake zote mbili. Shahidi ni mtu aliyeona akasema, kortini au barazani. Shahidi pia ni mtu aliyekufa kwa ajili ya kile anachokiamini. Twasema fulani amekufa shahidi. Wazungu nao wana jambo hilo, ila limejificha: neno lao la mfia dini lilitoka kwenye neno la Kigiriki ambalo awali lilimaanisha tu mtu anayeshuhudia, kisha maana ya kwanza ikapotea njiani na wengi wao hawajui iliwahi kuwapo. Kiswahili hakijaipoteza. Maana hizo mbili hukaa katika neno moja kama chumba na sebule. Baada ya mtoto mchanga kuzaliwa salama, Mirada anafungua mdomo na kumweleza George alichokiona. Kwa hilo anauawa na Crale. Anaingia kama shahidi wa maana ya kwanza na kutoka kama shahidi wa maana ya pili, na Kiswahili hakihitaji kubadilisha hata herufi.

Kinachonigusa zaidi ni jinsi kifo hicho kinavyomgeuza muuaji. Crale ameua wengi, na riziki yake inategemea jambo moja, kwamba watu huogopa. Mirada anamtazama bila woga. Crale anarudi mjini ameparaganyika, anasimulia kama mtu aliyeona jini: amekutana na mtu asiyeogopa kufa. Tangu hapo bastola ni ileile, mkono ni uleule, ila mtu ameisha. Kwa hiyo, ukiniuliza nani alimshinda Johnny Crale, nitakwambia ni Mirada. Chusa kilimaliza tu kazi. Ndiyo sababu ile vita ya mwisho, ambayo kijana wangu aliiona kichekesho, haichekeshi ukishaielewa. Crale anamtaka baharia asogee, asogee tena, kana kwamba hana hamu ya kufyatua. Na mtu wa chusa anahitaji nini, ila kusogea?

Sasa hebu tutoke Prairie City twende nyuma ya kamera, maana huko kuna kisa kingine na ni kilekile.

Kwenye orodha ya majina, mwandishi wa hati ya filamu ametajwa kuwa Ben L. Perry. Perry alikuwapo, hakuwa mzuka, lakini alikuwa ameliazimisha jina lake. Anayetambuliwa leo kuwa mwandishi ni Dalton Trumbo. Mwaka wa 1947 kamati ya bunge la Marekani iliyochunguza ukomunisti iliwaita watu wa Hollywood na kuwauliza kama ni wanachama wa chama cha kikomunisti, au waliwahi kuwa. Trumbo alikuwa mmoja wa wale 10 waliokataa kujibu. Akafungwa jela kwa muda wa miezi 10 hivi kwa kosa la kuidharau kamati. Alipotoka, hakuna kampuni kubwa iliyothubutu kuandika jina lake kwenye filamu. Akawa anaandika chini ya majina ya watu wengine kwa malipo ya kibarua. Mwaka wa 1957 filamu yake moja ilishinda tuzo ya Oscar kwa jina la mtu aitwaye Robert Rich, na hakuna Robert Rich aliyekwenda kuichukua kwa sababu hakukuwa na mwandishi wa jina hilo. Jina la Trumbo lilirudi hadharani mwaka wa 1960 tu, kwa filamu za Spartacus na Exodus.

Anayemwigiza Crale, muuaji, ni Nedrick Young. Naye aliitwa mbele ya kamati hiyo, akakataa kuwataja wenzake, akafungiwa milango. Aliendelea kuandika kwa jina la bandia, Nathan E. Douglas, na kwa jina hilo akashiriki tuzo ya Oscar iliyotolewa mwaka wa 1959 kwa hati ya The Defiant Ones.

Na anayemwigiza George Hansen, mtoto anayezunguka mji akiwasihi watu waseme ukweli? Ni Sterling Hayden. Hayden alikuwa baharia wa kweli kabla ya kuwa mwigizaji. Hakuhitaji kufundishwa kutembea kama mtu aliyezoea sitaha. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia alijiunga na chama cha kikomunisti kwa muda mfupi. Mwaka wa 1951 aliitwa na kamati, akasema. Aliwataja watu aliowajua. Kazi yake ikasalimika. Mwaka wa 1963 alichapisha tawasifu yake, Wanderer, na humo anajidharau kwa tendo hilo kwa ukali ambao hata adui zake hawangeuweza.

Itazame filamu ukiyajua haya. Aliyekataa kusema amevaa nguo za muuaji. Aliyesema amepewa sehemu ya mtu mwenye haki ya kudai ushahidi. Na aliyeandika maneno yao wote wawili hana jina. Sisemi Lewis aliwapanga hivyo makusudi. Filamu za siku 10 hupanga waigizaji kwa nani anapatikana. Ila nasema kwamba watu hawa watatu hawakuhitaji kuelezwa nini kinamfunga mtu kama Mirada mdomo. Tena filamu haifanyi jambo la rahisi la kusema kwamba kusema daima ni ushujaa. Hayden alisema, na kusema kwake kukawa doa. Mirada alisema, ikawa heshima. Tofauti iko kwenye nani anayenufaika na maneno yako na nani anayelipa. Mirada alilipa mwenyewe.

Kuna suala la lafudhi, na siwezi kulipita maana mimi ni mtu wa lugha. Hayden anaongea Kiingereza cha Mswidi, au cha mtu anayedhani hivyo ndivyo Waswidi wanavyoongea: sauti inapanda na kushuka kama mashua. Wahakiki wengi wameicheka na sitawapinga, kwa kweli inachosha. Lakini sikiliza mgawanyo wa lugha katika mji huu. Wenye Kiingereza cha kuyumba ni Hansen na Mirada, nao ndio wanaosema kweli. McNeil, aliyeigizwa na Sebastian Cabot kutoka Uingereza, ana Kiingereza laini kama siagi na hakuna sentensi yake iliyonyooka. Sherifu anaongea kama gazeti la serikali. Sisi tuliokwenda shule ambako ukipatikana ukiongea lugha ya mama ulivishwa kipande cha ubao shingoni, tulifundishwa kwamba mwenye kusema vizuri ndiye mwenye kujua. Filamu hii ya kimaskini inasema hapana.

Si kwamba haina kasoro. Rosa ameandikwa kwa kalamu kavu. Analia, anazaa, anabaki mjane, na baada ya hapo hati haina haja naye. Wakulima wengine ni miti mitupu. Na kuna kosa kubwa zaidi ambalo ni la aina nzima ya filamu za kauboi. Wamarekani wana neno lao la nchi hiyo ya magharibi ambalo sisi hulitafsiri kuwa 'mpaka', na tafsiri hiyo hunikera. Kwetu mpaka una pande mbili: huku ni kwangu, kule ni kwa jirani. Wao walimaanisha ukingo wa makazi yao, na ng'ambo ya ukingo huo waliihesabu kuwa tupu. Sensa ya mwaka wa 1890 ilipoonyesha kwamba mstari huo hauonekani tena, mwanahistoria Frederick Jackson Turner aliandika mwaka wa 1893 kwamba ukingo huo ndio uliowafanya Wamarekani kuwa walivyo. Katika Prairie City Wakomanche na wenyeji wengine wa Texas hawatajwi hata kwa makosa. Ni kama ardhi ilizaliwa pamoja na hati za wakulima. Hata Mirada anatazamwa kama mgeni sawa na Mswidi, ilhali Texas ilikuwa sehemu ya Meksiko kabla ya Marekani kuitwaa rasmi mwaka wa 1845. Watu wa mababu zake walikuwa pale mpaka ulipowaruka, si wao waliouruka mpaka. Trumbo, kwa makali yake yote, hakuliona hilo, au aliliona akajua kwamba dola 80,000 hazitoshi.

Filamu za kauboi mimi nilizijua kabla ya kujua Kiingereza. Gari la sinema lilikuwa likija sokoni kwetu mara chache kwa mwaka, shuka jeupe linatundikwa, tangazo la sabuni linapita kwanza, halafu farasi. Tulishangilia bastola. Maneno hatukuyaelewa wala hatukuyakosa. Hii sikuiona huko. Niliiona nikiwa mtu mzima, masomoni ng'ambo, usiku mmoja katika chumba cha baridi. Nilipofika kwenye nyumba ya Mirada nilisimama nikazima mashine.

Nilikuwa na umri wa miaka 11 hivi wakati jirani yetu mmoja, mjane, alipopeleka kesi ya mpaka kwa chifu. Aliyemsogelea shambani alikuwa mtu mwenye uwezo. Mpaka ule ulikuwa wa mnyaa, na marehemu baba yangu alikuwapo ulipopandwa. Aliwahi kunionyesha mwenyewe, mti kwa mti, tukitoka kuchunga. Usiku kabla ya baraza nilimsikia mama akimwambia, "Baba Fulani, una watoto saba." Hakusema zaidi. Kesho yake baba aliulizwa mbele ya watu, akasema hakumbuki. Mnyaa uling'olewa mwezi huohuo. Jioni ile alikula chakula chake kama kawaida na akanitazama mara moja tu, na nikajua kwamba anajua kwamba najua. Mama hakuwa na kosa. Tulisoma sote saba.

Kijana wangu atarudi Alhamisi na manukuu yake. Suala la chusa tumekwisha kulimaliza. Nitamwomba tuanzie pale mlangoni kwa Mirada, George anapouliza mara ya kwanza na mwenyeji wake anajibu kwamba hakuona kitu, ili tuangalie ameweka neno gani.